Chumba cha Mtu Mmoja

Azzan alikuwa hajui kukaa. Mama yake akisema huyu nilimzaa huku natembea, maana hata akinywa chai mguu mmoja ushatoka nje. Kidato cha nne kamaliza mwaka wa tisini na nane, matokeo yakaja, hesabu kaanguka, Kiingereza kaanguka, na kuchora hakuna anayekutahini, basi ndo ikapita hivo. Wenzake wengine wakarudia, wengine wakaingia mahotelini kubeba masanduku ya watalii. Yeye kutwa yumo vichochoroni Mji Mkongwe na daftari lake la mistari, anachora vyumba.

Si nyumba, vyumba. Zilipokuwa zinatengenezwa nyumba mbovu mbovu za upande wa Malindi alibeba ndoo za chokaa miezi minane, na kila chumba anachoingia anataka kujua, humu alikaa nani? Alikaa kaelekea wapi? Kwa nini dirisha hili liko juu na lile liko chini? Mafundi wakamchoka. Akirudi kwao Kajificheni, anachora vyumba vya watu ambao hawapo. Chumba cha mpiga udi, kuta nene ili majirani wasije na malalamiko. Chumba cha mtunga mashairi, kidogo kama kabati, ati shairi likiwa na nafasi kubwa linakimbia. Kurasa na kurasa.

Baba yake, Mzee Salem, muuza vitambaa wa Darajani, kalifunua daftari siku moja, kalifunga.

"Mtoto wa kiume mzima anachora vyumba havina watu."

"Watakuja, Baba."

"Watakuja lini? Ami yako Amjad ana duka Maskati, anataka mtu wa kumwamini. Baada ya Idi unakwenda."

"Mimi Maskati siendi."

"Huendi?"

"Siendi, Baba. Nkafanye nini? Nkauze sabuni?"

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Wale wawili kubishana ndo kula yao. Mwisho Mzee Salem kapiga meza. "Basi nioneshe chumba kimoja. Kimoja tu! Kisiwe cha karatasi. Kiwe cha mawe, na ndani yake mna mtu anafanya kazi yake. Nikikiona kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, tiketi nampa mdogo wako Ayoub. Nisipokiona, wewe na Maskati, na sitaki kusikia neno."

Wakati huo mwezi wa Agosti unamalizika. Ramadhani mwaka ule ilikuwa inaingia mwanzo wa Disemba.

Mtu wa chumba hicho katokea Jang'ombe. Bi Shemsa alikuwa mwalimu wake wa Kiswahili skuli, kastaafu, sasa anaandika michezo ya redio. Redio wamemwagiza vipindi kumi na viwili, wavipate kabla ya mfungo. Kaandika viwili. Azzan alipokwenda kumsalimia alimkuta kakaa na kalamu sikioni kama seremala.

"Shikamoo, Bi Shemsa."

"Marahaba. Kaa. Utaona mwenyewe."

Hajakaa vizuri, "Hodi!" Jirani anataka mbuzi ya kukunia nazi. Katoka huyo, "Hodi!" Mtoto katumwa chumvi. "Hodi!" Mtu kaja kuuliza kama maji yametoka. "Hodi!" Yule wa mbuzi karudi, kasahau kusema kwamba dada yake kajifungua, na habari ya dada ikachukua nusu saa.

"Nyumba hii si nyumba," kasema Bi Shemsa, "ni gati. Sikiliza, Azzan. Unakumbuka ulivokuwa ukichora nyuma ya daftari la insha?"

"Nakumbuka. Ulinichapa."

"Nilikuchapa kwa insha. Mchoro nilikaa nao, upo kabatini. Nna kiwanja Matemwe, kaniachia marehemu baba, na nna kiinua mgongo changu. Nataka chumba. Mtu mmoja, meza moja, kalamu moja. Asinigongee mtu."

"Na Bwana Silima?"

"Mume wangu yuko Pemba na karafuu zake, haji ila mwezi mara moja. Huyo hana neno."

Azzan karudi mjini anapaa. Usiku ule daftari halikumtosha, kachora mpaka nyuma ya kalenda. Chumba hatua tano kwa nne. Kuta za mawe na chokaa, nene, sauti isipenye. Dirisha moja tu, dogo, liko juu, linatazama bahari, anayepita nje asione ndani. Mlango kauficha nyuma, mbali na njia, wa mbao nzito, na komeo. Paa la makuti. Kilipokamilika kwenye karatasi alikiangalia kama mtu anavoangalia mchumba.

Fundi aliyepatikana ni Makungu, mtu wa Matemwe hapo hapo, mfupi, maneno mengi kuliko mawe. Kaigeuza geuza ile karatasi.

"Na baraza upande gani?"

"Hakuna baraza."

"Hakuna?"

"Baraza linaita watu, Fundi. Huyu mama hataki watu."

"Yakhe, nshajenga nyumba arubaini miye. Nshajenga hadi choo kina baraza. Mtu akija, akae wapi?"

"Asikae. Arudi."

Fundi Makungu kamtazama, kaitazama karatasi, kamtazama tena. "Haya bwana. Mwenye karatasi ndo mwenye nyumba."

Wakajenga. Mwisho wa Oktoba chumba kiko tayari, cheupe, kimya, ukiingia unasikia masikio yako mwenyewe. Bi Shemsa kaja na sanduku la karatasi. Chokaa ilikuwa bado mbichi, inadondoka unga kama wa kuoka mikate, basi kachukua shuka jeupe kajitanda kichwa hadi mabega asije akachafuka, kafunga mlango, kakaa. Azzan kajiweka nje chini ya kibanda cha mafundi, analinda. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku ya pili asubuhi hakuja mtu. Kajisemea, Baba, kata tiketi ya Ayoub.

Siku ya pili maji yalipoanza kujaa, wanawake wa mwani wakawa wanarudi, kanga zimerowa mpaka kiunoni. Mmoja wao, Bi Riyama, jirani wa kiwanja, kazunguka nyuma mpaka mlangoni.

"Hodi! Shemsa!"

Azzan kamkimbilia, kidole mdomoni. "Samahani, mama, polepole. Hapokei watu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Hataki kuonana na mtu tu."

Bi Riyama kachungulia kwenye ufa wa mlango. Kamuona Bi Shemsa kakaa kaelekea ukuta, shuka jeupe gubigubi, kichwa kakishika kwa mikono miwili. Bi Riyama kaweka kiganja mdomoni.

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Lahaula," kasema Bi Riyama, kaondoka taratibu anatikisa kichwa. Azzan kafurahi. Kajisemea, huyu mama muelewa kweli kweli.

Sasa yeye mtoto wa mjini, angejuaje? Matemwe mlango haufungwi mchana. Mlango ukifungwa mchana ndani mna mgonjwa, au mna maiti, au mna kizuka, mwanamke aliyefiwa na mume anakaa eda. Mgonjwa keshaambiwa si mgonjwa. Maiti hakai kitako. Na nyeupe ile ni ya nani kama si ya kizuka?

Baada ya alasiri wanawake wa kijiji wakaja. Hawakuja mmoja mmoja, walikuja msafara, na mabakuli ya uji, na muhogo, na mchele kwenye ungo. Azzan kasimama njiani kanyoosha mikono kama anazuia ng'ombe. Wakampita. Na kwa kuwa nje hapana pa kukaa, hapana baraza, hapana hata jiwe, wote wakaingia ndani. Chumba cha mtu mmoja kikawa na wanawake kumi na wanne, na Bi Shemsa kabanwa pembeni na kalamu yake.

"Pole, Shemsa. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ahsanteni. Lakini pole ya nini?"

Wakatazamana. Maskini, bado hajakubali. Mmoja kaanza kulia, wa pili kamfuata. Bi Shemsa kuona vile kaitupa kalamu.

"Nani? Nambieni jamani! Nani kafa?"

Nani atamtajia mjane jina la mumewe? Wakazidi kulia. Na yeye akalia, hajui anamlilia nani, alikuwa anawapitisha kichwani mmoja mmoja, dada yake, shangazi yake, watoto wa dada yake.

Ndo katika hali hiyo gari la abiria likasimama njiani, kashuka mwanamme mrefu na mkungu wa ndizi begani. Kafuata vilio mpaka mlangoni.

"Assalamu alaykum. Jamani, kuna nini? Kafa nani?"

Chumba kizima kikanyamaza. Bi Riyama ndo aliyepata sauti.

"Wewe."

Bwana Silima kaushusha mkungu chini polepole. "Mimi?" kasema. "Mbona nimetoka Pemba jana, sikwambiwa?"

Kicheko kilichotoka mle kilisikika mpaka Kigomani. Wanawake walicheka wakakaa chini, uji uliokuja kwa msiba ukanywewa na marehemu mwenyewe, mabakuli mawili. Kila mtu alicheka ila watu wawili. Azzan, na Bi Shemsa.

Walipoondoka watu kamwita. "Azzan."

"Naam, Bi Shemsa."

"Umenijengea kaburi, mwanangu. Na hata kaburi halina fujo hii."

"Ilikuwa ni lile shuka tu, Bi Shemsa. Shuka likiondoka..."

"Si shuka. Njoo nikuoneshe." Kamuonesha karatasi. Nyeupe, zote. "Siku mbili nimekaa humu kabla hawajaja. Sikuandika neno. Mimi naandika watu wanavosema, na humu hamna anayesema. Kule Jang'ombe wananikata maneno, lakini maneno yapo. Hapa kimya kinanipigia kelele."

Jioni ile ile kaondoka na mumewe, na sanduku lake la karatasi. Kabla hajapanda gari kasema, si kwa hasira, na hiyo ndo ilouma zaidi, "Ulinichorea mimi, au ulichora chumba?"

Azzan kaenda kuufunga mlango wa chumba kitupu.

Habari ilifika mjini kabla yake. Mzee Salem kamkuta ukumbini.

"Nasikia umeua mtu Matemwe."

"Hajafa, Baba."

"Ahsante Mungu. Maskati vyumba viko vingi, vina milango, vina watu, hajafa mtu. Imebaki mwezi na siku chache. Kapige picha ya paspoti."

Na Azzan, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, hakubisha. Katoka nje, kakaa kwenye baraza la nyumba yao, lile la mawe pembeni ya mlango, kakaa kama watu. Kakaa siku tatu. Mama yake kaanza kuogopa.

Siku ya tatu, alasiri, wazee wenzake Mzee Salem wakaja kama kawaida, Mzee Abrahman na wenziwe wawili, na muuza kahawa nyuma yao na buli lake na vikombe vinalia. Wakaanza, mpira, bei ya samaki, nani kaoza, nani kaachwa. Kapita mgeni na barua mkononi. "Hapa kwa Mzee Salem?" Mzee Abrahman kamjibu, "Hapa. Yumo anasali, anakuja. Kaa. Unatoka wapi?" Mgeni kakaa, kapewa kahawa, kaeleza ukoo wake wote. Baadae Mzee Salem katoka, kapokea barua, mgeni kaenda zake. Kizingiti hakukikanyaga.

Azzan kamuangalia Mzee Abrahman. Huyu mtu anakuja hapa kila siku, miaka ishirini. Keshaingia ndani mara ngapi? Hata mara moja.

Kapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa mama yake, aliyekaa juu na cherehani, dirishani, nyuma ya wavu wa mbao.

"Mama, hawa wazee hawakusumbui?"

"Wanisumbue wana nini? Wao chini, mimi juu. Mtoto wa Abrahman ndo kaolewa mara ya pili, umesikia? Na huyu wa barua ni jamaa wa watu wa Bububu."

"Kumbe unasikia kila kitu!"

"Ndo redio yangu hiyo. Wasipokuja hata cherehani haiendi."

Azzan kakaa chini sakafuni. Kacheka peke yake. Baraza haliiti watu. Wewe kaa ulione, baraza linawazuia. Mtu akishapewa pa kukaa, na kikombe, na wa kuzungumza naye, ndani anataka nini? Miaka kumi na tisa kalikalia na hajaliona. Yeye alichora kuta, na wazee wake walishamaliza kazi kwa jiwe la kukalia.

Keshoye alfajiri yuko Matemwe.

"Nlikwambia," kasema Fundi Makungu, hajaitikia hata salamu.

"Ulinambia."

"Rudia."

"Ulinambia, Fundi, na miye sikusikia. Sasa nicheke, ukimaliza tuvunje mlango."

Fundi Makungu kacheka, hakufanya haraka. Halafu wakavunja. Ule mlango wa nyuma wakauziba, wakafungua mpya upande wa njia, wazi, unaoonekana na dunia nzima, na badala ya komeo Azzan katundika pazia. Mlango uko wazi, pazia liko chini. Hiyo hata mtoto mdogo anaijua, watu wamo, lakini ngoja. Nje wakajenga baraza pande mbili, wakaliteremshia makuti liwe na kivuli. Ukuta baina ya baraza na meza wakautoboa, na kwenye tundu Azzan katia wavu wa mbao, wa dirisha bovu alilopewa Malindi na mafundi wale wale waliomchoka. Nje kweupe, ndani giza kidogo. Aliye ndani anaona na anasikia, aliye nje haoni kitu. Meza kaiweka chini ya wavu. Siku kumi na mbili.

Kwenda kumchukua Bi Shemsa ilikuwa kazi kuliko kujenga. Kafika, kazunguka chumba mara mbili, kaingia, kaliteremsha pazia.

Maji yalipojaa, wanawake wa mwani hao. "Hodi! Shemsa! Leo mume wako mzima?"

Azzan yuko juu ya paa, anajifanya anafunga kuti.

Sauti ikatoka ndani. "Mzima! Karibuni, kaeni barazani, namaliza kidogo."

Wakakaa. Bi Riyama kajinyoosha miguu, katoa makumbi ya nazi kwenye kikapu, kaanza kusokota kamba. "Haya makuti yamepiga kivuli hasa," kasema. Mwenziwe kasema mkwewe ni mvivu. Wa tatu kasema mvivu ni mwanao. Hapo ikaanza. Baada ya robo saa wameshasahau wamekuja kwa nani. Na Azzan pale juu, baina ya kicheko na kicheko, kasikia kitu kidogo, kwaru kwaru kwaru. Kalamu.

Siku kumi kabla ya Ramadhani vipindi vilikuwa vinane. Zikibaki siku sita, kumi. Zikibaki siku tatu, asubuhi, likaja gari la mjini, na ndani yake Mzee Salem, kanzu imepigwa pasi, bahasha imetokeza mfukoni. Azzan kaiona kutoka juu ya paa. Tiketi.

"Hodi!"

"Karibu, Mzee wangu. Kaa barazani, namaliza."

Mzee Salem kakaa. Fundi Makungu alikuwepo, kama kawaida yake tangu baraza liishe. Kamsogezea dafu. Wakasalimiana, wakaulizana, ikatokea kwamba Fundi Makungu alimjua babu yake Mzee Salem, au alisema anamjua.

"Umekuja kutembea?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Anakwenda Maskati."

"Mbali huko."

"Mbali," kasema Mzee Salem. Kanywa dafu. Halafu baraza likamfanya kama linavofanya watu wote. "Hanisikilizi, huyu mtoto. Nikisema nyeupe, yeye nyeusi. Tangu mdogo. Nyumba yangu ikifika jioni ni mimi na yeye, kelele mpaka kwa jirani. Hizi wiki alizokuwa huku, nakaa na sahani yangu... Ayoub kila ninachosema, 'Ndio Baba, ndio Baba.' Chakula hakishuki, wallahi. Nikimpeleka huyu, nani atanibishia?"

Kwaru kwaru kwaru, ndani.

Juu ya paa Azzan kalishika kuti asianguke.

Haikuchukua muda pazia likafunguka. Bi Shemsa katoka, kalamu sikioni, wino mpaka kwenye shavu, karatasi mkononi bado mbichi.

"Karibu, Mzee Salem. Umeniokoa. Kipindi cha kumi na moja kilikuwa kimenigomea. Sikiliza hapa, kuna mzee yuko barazani." Kasoma. "'Nikimpeleka huyu, nani atanibishia?'"

Wanawake wa upande wa pili wakapiga vigelegele. Mzee Salem kasimama.

"Hayo maneno yangu!"

"Umeyaacha barazani mwenyewe."

Mzee Salem kaliweka dafu chini. Kaangalia pazia. Kaangalia wavu wa mbao, kasogea, kachungulia, hakuona kitu. Halafu kageuka kalitazama lile baraza alilokalia muda wote ule, mtu aliyekuja kuingia ndani na hakuingia. Kainama, kalipima kwa shubiri, moja, mbili, na vidole viwili.

"Nani kachora hili?"

"Mimi, Baba," ikasema sauti kutoka juu.

"Fupi. Mtu wa magoti kama yangu akikaa hapa ataondokaje? Ongeza shubiri."

"Likizidi, Baba, watoto hawatolipanda."

"Watoto wanataka nini barazani? Ongeza!"

"Ntaongeza upande mmoja. Huu wa pili unabaki."

"Pande zote!"

"Upande mmoja, Baba!"

Walikwenda hivo kitambo, mmoja juu mmoja chini, Fundi Makungu anageuza shingo baina yao kama anaangalia mpira. Azzan ndo aliyenyamaza wa mwanzo.

"Na tiketi?"

"Tiketi ina jina la Ayoub, nilikuja kukuonesha, ile ya kukuchukua ilikuwa ya mdomoni tu. Keshapiga na picha." Mzee Salem kakung'uta kanzu, hakumtazama. "Lakini nilisema lazima nikione chumba kwanza, nimekiona. Halafu kuna msichana wa Vuga, Maha binti nani sijui, anachora picha. Kaja kwa mama yako mara mbili. Ati anataka chumba, na yeye hataki maneno, anataka mwanga. Mimi nimemwambia yuko mtu."

Azzan kashuka kwenye paa bila ya kuitafuta ngazi. Daftari liko wapi? Mwanga wa asubuhi au wa jioni? Anachora kasimama au kakaa? Ana watoto? Majirani zake nani? Safari hii ataanza kwa kuuliza.

"Na baraza?" kasema Mzee Salem.

"Upande mmoja," kasema Azzan, keshafika njiani. "Fundi Makungu!"

"Naam!"

"Mawe!"